Mchezo wa Mwani Hauna Linki

Haji,

Sheria imepita. Salma, mwenyekiti wetu wa mwaka huu, aliitangaza jana baada ya alasiri, pale pale Michenzani: kila mchezo wa shindano letu la watengeneza michezo ya kompyuta utafunguka kwenye simu kwa linki, bila mchezaji kupakua wala kuweka programu yoyote. Usiofunguka hivyo hauingii.

Kura zilikuwa tatu kwa tatu. Ya saba ilikuwa yangu.

Waliopinga walikuwa na hoja. Tumezoea flashi: inazunguka kompyuta hadi kompyuta pamoja na sahani ya kashata, na anayecheza anamcheka mtengenezaji mbele ya uso wake. Wewe mwenyewe ulimwambia Omari, yule fundi simu wa Ng'ambo, "Mchezo wako mzuri, bwana, ila unakwisha chai haijapoa." Lakini ni wewe pia uliyesema, mwaka tulioanza, kwamba shindano wanalocheza watengenezaji peke yao ni karamu waliyoila wapishi.

Nilipoinua mkono nilijua nakutoa. Mchezo wako wa mwisho, ule wa kufunga mwani kwenye kamba kabla maji hayajajaa, uliutengeneza uchezwe kwenye kompyuta tu. Ulinipa flashi wiki moja kabla ya kulazwa. "Ucheze, unambie ulipokwama." Sikuucheza. Nilingoja utoke hospitali.

Leo asubuhi nilikwenda Jambiani, mama yako asije akaisikia habari kwa mwengine. Bi Mwanaidi alikuwa akianika mwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama. Kisha akasema, "Kwani mimi nshaucheza? Alinambia ntauona nikija mjini. Mjini mimi nnakwenda kwa maradhi na maziko."

Nilimfungulia mchezo wa Omari kwa linki, kwenye simu yake ile iliyopasuka kioo. Ni wa kuvua pweza. Ukafunguka. Akashindwa mara tatu, akauliza huyo Omari pweza amewahi kumuona wapi, sahanini? Alipocheka nilisikia kicheko chako, nikatazama pembeni kidogo.

Halafu akauliza, "Na wa Haji?"

Nikamwambia bado.

Nimerudi mjini moja kwa moja hadi kwa Omari. Ameutazama mchezo wako, anasema linki itapatikana. Picha zipunguzwe uzito, na pale ulipoweka kubonyeza kibodi pawe pa kugusa kwa kidole. Kazi ya siku nne, na ameshaanza. Jina litabaki lako.

Nami nimeucheza, hatimaye. Nimekwama kamba ya tatu. Maji yanajaa upesi kuliko mikono. Sijui kama ulikosea hesabu au ndivyo ulivyokusudia, na Omari nimemkataza kupagusa. Anayejua ni mama yako. Akisema maji hayaji hivyo, tutayapunguza kasi. Akisema ndivyo yanavyokuja, yabaki.

Basi, Haji. Ulitaka nikwambie nilipokwama, nimekwambia, nimechelewa. Mola akulaze pema huko uliko. Nakuahidi mama yako hatakuja mjini kwa ajili ya mchezo huu.

Salma anafunga kupokea linki Ijumaa saa kumi jioni, na siku ya ziada hatoi. Alhamisi maji yakijaa, Bi Mwanaidi akisharudi kutoka pwani, nitakuwa barazani kwake. Ataanza kamba ya kwanza.