Mstari wa Nne

Nyamiaga, Ngara

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba, mwanangu. Huku hatujambo. Mama yako mdogo amerudi Biharamulo, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Lakini swali lako limenishtua! Unasema uliipa kompyuta orodha ya wagonjwa wa zahanati yenu, mstari mmoja kwa kila mtu, ihesabu mistari yenye neno "homa". Ikakujibu tisa, na wewe unajua wenye homa ni wanane. Hata mashine inafanya kosa langu?

Nilipokuwa msichana kule Ntobeye, bwana shamba alinituma niandike hali ya muhogo kwa kila nyumba, kwa kuwa ugonjwa wa batobato ulikuwa umeingia. Nilipomaliza, nikapitia daftari haraka haraka. Kila mstari wenye neno batobato nikautia alama, nikampa bwana shamba. Kesho yake vijana wake wakapita kung'oa muhogo wote uliougua.

Nilirudi kutoka mtoni nikakuta shamba letu limebaki udongo mtupu. Nikapiga kelele, "Nani kawaambia sisi tuna batobato?"

Baba hakunigombeza. Alinionyesha tu daftari, walilokuja nalo wale vijana. Mstari wa nne, mwandiko wangu, na alama yangu pembeni: "Kwetu, hakuna batobato."



Fungua orodha yako, Editha. Mtafute mgonjwa aliyeandikwa "hana homa", kabla hajachomwa sindano.

Bibi yako