Riwaya Yangu na Sakafu ya Tanuri

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, daftari. Nimekutupa tangu riwaya yangu ilipotoka. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana haja nawe. Anazunguka mjini akingoja kupongezwa. Leo nimerudi. Maana yake unaijua.

Niandike kwa utaratibu. Harufu ya Mbao ni hadithi ya mapenzi na taharuki. Mji mdogo. Karani wa posta anampenda mpima ardhi aliyekuja juzi. Wakati huohuo mwenye kiwanda cha mbao ametoweka, na hakuna anayejua alikokwenda. Mwishoni karani anagundua kwamba aliuawa na ndugu yake, akafukiwa humo kiwandani, kisha sakafu ikamwagiwa saruji mpya. Nimeyabuni yote, kuanzia posta hadi maiti. Nilitaka tu kuwaonyesha vijana kwamba watu wanaweza kupendana na kuuana kwa sentensi zilizokamilika.

Mkutubi, ambaye nilimfundisha mwenyewe, amenisimamisha barabarani. Kitabu hakikai rafuni hata siku moja. Jumamosi klabu ya wasomaji itakijadili. "Mwalimu, kimewagusa watu!" Alisema hivyo huku amenishika mkono kwa mikono miwili, na sauti ameishusha. Hivyo ndivyo watu wanavyomsalimu mfiwa. Sikupenda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kutengeneza nywele. Nilikuwa chini ya mashine ya kukaushia, na wao walidhani mashine ikiwaka mtu hasikii. Nimesikia kila neno!

Kwanza, mapenzi yangu hayana chumvi. Busu la pale posta, kasema msusi, ni kama mtu anagonga muhuri kwenye kifurushi. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha vibanio. Sawa. Kuhusu mabusu nakubali kusahihishwa.

"Lakini ule mwisho, mwenzangu! Nimelala na taa."

"Ule unauita mwisho? Ile ni habari."

"Habari gani tena?"

"Hee! Ndugu wawili, kazi moja, mmoja haonekani. Toa mbao, weka mikate."

Kisha msusi, polepole: "Mwalimu Nukta! Mjanja yule bibi."

Nukta ni jina nililopewa na wanafunzi. Nilikaa pale chini ya joto mpaka ngozi ya kichwa ikaniwasha, nisiweze kutoka wala kukohoa.

Mume wa mdogo wangu alitoweka miaka tisa iliyopita. Aliaga kwamba anakwenda kuagiza unga. Hakurudi. Yeye na ndugu yake walikuwa na tanuri la mikate. Ndugu yake bado anaoka. Naapa sikuwawaza hata kidogo nilipokuwa nikiandika.

Jumamosi, 8 Machi

Klabuni. Viti havikutosha, watu walikaa madirishani.

Muuguzi mstaafu alianza. Karani wangu ni mjinga, hakuna mwanamke mwenye akili anayeingia ghalani gizani kumfuata mwanamume aliyemjua juzi. Mtu akamjibu kwamba hata yeye aliingia, ndiyo maana ana watoto sita. Vicheko! Nami nilicheka.

Kinyozi akasimama. Hapendi vitabu, akasema, lakini hiki amekimaliza dukani huku wateja wakimngoja na povu usoni. Halafu akanigeukia.

"Mwalimu, unaikumbuka insha yangu ya ndege? Nilieleza safari ya angani, ukanirudishia. Ukaniuliza: umepanda ndege, wewe? Sijapanda. Basi usiandike usichokijua. Nikaandika upya, kuhusu mbuzi."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Sasa mtu aliyenikatalia ndege anaandika maiti chini ya saruji. Atakuwa hajui?"

Hakuna aliyepiga makofi. Walitikisa vichwa kukubali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikasimama. Nilieleza kwamba riwaya ni kazi ya kubuni, kwamba mwandishi wa riwaya hatoi ushahidi. Sauti ileile ya darasani. Muuguzi akanipapasa bega. "Tumeelewa, Mwalimu. Lazima useme hivyo."

Lazima niseme hivyo! Katika miaka yangu yote ya ualimu sikumwongezea mtoto hata alama moja ya huruma. Siku niliyojiruhusu kubuni, hakuna anayeamini kwamba nimebuni.

Jumapili, 9 Machi

Sakafu ya tanuri ilimwagwa upya mwaka uleule aliotoweka mume wa mdogo wangu. Nimekumbuka leo nikianika nguo. Ya zamani ilipasuka kwa uzito wa tanuri. Mji mzima ulikuwa ukikumbuka, mimi tu ndiye niliyesahau. Au kichwa changu hakikusahau — kiliiweka mahali, kikanipa baadaye kama kitu kipya? Sijui. Sijui!

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kununua mkate. Saa ambayo kwa kawaida hupati pa kusimama, dukani tulikuwa mimi na nzi. Mikate ya jana ilikuwa bado imepangwa chini ya mikate ya leo. Nje watoto wa shule walipita wakiimba: mkate una ukucha, mkate una ukucha.

Mwoka mikate akanifungia wangu kwenye karatasi.

"Shemeji, huogopi?"

"Niogope nini?"

"Mimi."

Kitabu changu amekisoma mara mbili. Mara ya kwanza alimpenda yule karani wa posta, alitamani angekuwa mtu wa kweli. Kabla ya mara ya pili watu walikuwa wameshamwambia kwamba muuaji ni yeye, basi akajisoma. "Umenipa mikono mikubwa," akasema. Akaitazama mikono yake, ambayo ni midogo, kama ya msichana. Shule imeacha kuchukua mikate yake. Hospitali imesema itamjulisha.

"Nilishawaambia kwamba nimebuni."

"Waambie tena."

"Hawanisikii."

"Wewe? Wewe hawakusikii?" Akacheka kidogo, bila kufurahi. "Basi mimi nimekwisha."

Mkate upo mezani. Nimeukata, lakini sijaula. Nimekaa nikiutazama. Hata mimi!

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu amekuja. Yeye ni fundi cherehani, siku zote ana haraka, hunywa chai amesimama huku tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Leo tepu ameiacha kazini. Alikaa. Alikula, akaomba kuongezewa.

"Dada, ahsante."

"Ya nini?"

"Najua ulishindwa kuniambia uso kwa uso. Ndiyo maana ukaandika."

Nilitaka kumkatiza. Hakunipa nafasi. Amegawa nguo za mumewe — suruali, makoti, vile viatu ambavyo amekuwa akivipaka rangi kila mwezi. Ile namba ya simu iliyofungwa siku nyingi, ambayo aliendelea kuipiga, ameifuta. Amelala usingizi wa kweli, mpaka wateja wakamgongea mlango.

"Walisema kanikimbia, Dada. Walisema ana mwanamke. Walisema mbele yangu, nikiwa nimepiga magoti nawapima urefu wa sketi. Nikawa nawaza, nilimkosea nini? Chakula? Maneno? Kumbe hakuniacha. Kumbe alikuwa hapahapa."

Akalia. Lakini si kile kilio ninachokijua. Huyu alilia kama mtu aliyetua mzigo na mabega bado yanamuuma.

Nilifungua kinywa. Mimi, niliyemkatalia mtoto ndege yake! Nikamuuliza kama anataka chai zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Amekwenda polisi. Anataka sakafu ivunjwe, amtoe mumewe, amzike kama watu wengine wanavyozikwa. Mpelelezi alimwambia kwamba hawezi kuvunja mali ya mtu kwa ajili ya kitabu cha hadithi. Lakini mwandishi akija kutoa maelezo kwamba kuna jambo analijua, hapo sawa. Kitabu chenyewe hajakisoma. Mkewe alimsimulia mwisho, akamharibia.

Nimeitwa Alhamisi.

Tanuri limejengwa juu ya sakafu hiyo, tofali kwa tofali. Ukivunja sakafu umevunja tanuri, na yule bwana hajui kazi nyingine. Na wakichimba wasikute kitu? Nawajua wasomaji wangu. Watasema kaihamisha maiti.

Basi jibu ni jepesi. Nitakwenda, nitasema sijui lolote, nimebuni. Jepesi kabisa! Ila mdogo wangu atakuwa pale, atanisikia.

Jumanne, 18 Machi

Mwoka mikate amekuja nyumbani kwangu. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alisimama karibu na kabati la vitabu kana kwamba anasubiri kuadhibiwa.

"Yu hai, shemeji."

Sikumwelewa. Ikabidi aseme tena.

Ndugu yake alimpigia simu mwaka wa pili. Yuko mji wa mbali. Ana mke na watoto, na huko pia anaoka mikate. Alimwapisha asimwambie mtu. Mara moja tu alipiga, hakupiga tena.

"Nawe ukanyamaza! Miaka yote hii unamwona mdogo wangu!"

"Kila asubuhi. Ananunua mkate, ananiuliza kama kuna habari. Nasema hakuna, shemeji. Anasema haya, kesho." Akajifuta uso kwa mkono. "Kwanza nilisema nitamwambia wiki ijayo. Ukishapita mwaka, utaanzaje?"

Nilimfokea. Nimezeeka, sauti inanitoka kama mlango wenye kutu, lakini nilimfokea. Hakujitetea. Nilipomaliza akasema alilojia.

"Sikumuua ndugu yangu, na sitafungwa kwa ajili ya mtu anayekula na kulala. Mpelelezi akiniuliza yuko wapi, nitasema. Nina watoto. Lakini ukitangulia wewe ukasema umebuni, ukasema kwa nguvu, labda kesi itaishia hapo na mimi sitaulizwa."

"Mdogo wangu atauliza. Kama hayuko chini ya sakafu, yuko wapi? Atamuuliza kila mtu, ataanza na wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe utamwambia nini?"

Akapitisha kidole juu ya migongo ya vitabu. "Ningependa umwambie wewe," akasema. "Mimi nitamwambia vibaya."

Kuna kumwambia vizuri? Nimefundisha lugha maisha yangu yote. Nilimfungulia mlango, akatoka.

Jumatano, 19 Machi

Siku nzima sikutoka. Mkutubi alipita kuniambia kwamba klabu imeipa Harufu ya Mbao nafasi ya kwanza mwaka huu. Sifa kubwa, akasema, ni kwamba kitabu kinaaminika.

Nilimshukuru, nikafunga mlango.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa kituo cha polisi, kwenye benchi la korido. Ukuta umepakwa rangi nusu. Juu nyeupe, chini kahawia, na kahawia imechubuka usawa wa vichwa vya waliongoja.

Mdogo wangu yuko kushoto kwangu. Amevaa gauni jipya, jeusi. Amelishona jana kwa ajili ya mazishi, kisha akaona alivae leo pia. Limemkaa vizuri mno. Ameninunulia maji, amenirekebisha kola, ameniuliza mara mbili kama nimekula. Amekuwa yeye dada, mimi mdogo.

Anaongea. Amepata mahali makaburini, karibu na njia, asipate taabu kufika akizeeka. Fundi wa mawe amemuuliza maneno ya kuandika juu ya jiwe. "Nimemwambia maneno ni kazi ya dada yangu."

Mwoka mikate amefika. Unga umo kwenye nyusi zake. Bado anaoka, ingawa sijui anamwokea nani. Benchi ni moja. Nilidhani atasimama. Amekaa kulia kwangu.

Hatukusalimiana. Mtu aliyekuwa akifagia korido alitutazama sote watatu, akafagia kurudi alikotoka.

Kisha mdogo wangu ameinama mbele, akampitishia maneno juu ya magoti yangu. Sauti ndogo, haina hasira.

"Shemeji, sikuchukii. Nataka unijibu kitu kimoja tu. Aliumia sana?"

Mwoka mikate amenigeukia mimi. Macho yamejaa machozi, naye ananitazama mimi tu, kana kwamba hata pumzi yake inasubiri ruhusa yangu.

Mlango umefunguliwa. Mwandishi ni yupi, aingie. Nimeomba nimalize mstari. Mpelelezi amecheka, akasema mke wake hataamini.

Nikisema nimebuni, nitampokonya mdogo wangu kifo cha mumewe, nimrudishie mume aliyemkimbia. Nikinyamaza, watadhani kuna ninalolijua: mtu huyu wa kulia kwangu atavunjiwa tanuri lake, au atasema yeye, vibaya, mbele ya askari. Nimegeuza maneno tangu juzi. Kila sentensi imekamilika. Hakuna hata moja ninayoweza kuitamka.

Mdogo wangu amenishika kiwiko, ameninyanyua, ananikung'uta vumbi mgongoni. "Nenda, Dada. Mimi siondoki hapa."

Haondoki. Nitarudi kwenye ukurasa huu nikishachagua, hata kama ni mstari mmoja tu. Kwa sasa nimesimama, na mlango wameniachia wazi.