Picha Yangu Getini

Nyumba ya pembeni, nyuma ya kiwanda kikubwa cha dobi,
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa mpwa wangu Ngongoti,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hapo ulipo kabla hata ya kufungua bahasha, maana mama yako alikulea vizuri na mimi nilisimamia. U hali gani? Kile kifua cha baridi kimepona? Vaa sweta mbili, usione haya. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Juzi juzi boila la hapa kazini lilizima, wakaja mafundi wawili wenye vyeti, wakalizunguka wee mpaka jasho likawatoka. Mimi nikalipiga teke moja tu, mahali pake, likanguruma hadi madirisha ya jirani yakatikisika.

Mama yako naye hajambo, ila miguu. Kwenye miguu nitafika, nivumilie.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi hupiga kelele, na kuta za humu ndani ni nyembamba. Habari yenyewe inamhusu mdogo wako Chiriku, na yule mtoto ana masikio ya popo. Mpwa wangu, roho yangu haijatulia.

Huenda hata huko umesikia kwamba wakubwa wanataka kubadili sheria ya kazi kwa vijana. Kwa sasa, ambaye hajafikisha miaka kumi na minane anaruhusiwa kufanya kazi saa chache tu baada ya masomo, giza likiingia awe nyumbani, na kila saa analipwa sawa na mtu mzima. Sasa wanataka afanye zamu nzima, hata siku za shule, hata usiku, halafu alipwe pungufu kwa kuwa eti ni mwanagenzi. Mwanagenzi wa nini, kukunja mashuka? Shuka lina pembe nne. Ukishazijua zote umehitimu.

Mtaa mzima umegawanyika. Mwalimu wa hesabu alisema kwa kinyozi, akiwa na povu nusu ya uso, kwamba watoto watakuja darasani kulala. Kinyozi akamjibu, "Kwani sasa hivi hawalali, mwalimu? Si bora walale wakiwa na chao mfukoni?" Mwalimu akainuka aende zake na ndevu upande mmoja. Ndivyo hali ilivyo.

Mwenye dobi, yule tunayemwita Kola kwa jinsi shati lake linavyosimama shingoni, ndiye anayeitaka sheria hiyo kuliko wote. Mwezi uliopita aliniita ofisini akanipa kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Fundi," akasema, "ile hadithi yako ya mashuka, hebu niambie tena, polepole."

Hadithi unaijua, umekua nayo. Jinsi nilivyokuwa na miaka kumi na tatu, nikibeba mashuka mabichi ya hospitali, furushi zito kunishinda mimi mwenyewe, ngazi baada ya ngazi hadi kwenye kamba za kuanikia juu ya paa, tangu alfajiri hadi taa zinawashwa, bila kusema ah. Wewe na mimi tunajua kwamba aliyeyabeba ni mama yako. Mimi nilikuwa nampelekea chakula, na njiani nakipunguza. Lakini mama yako ana hadithi na hana mdomo, mimi nina mdomo, basi tumegawana hivyo miaka yote. Nikianza kusimulia yeye hucheka tu, anasema, "Haya, beba na wewe kidogo." Chiriku hajui. Alizaliwa akaikuta hadithi tayari ni yangu.

Basi Kola akaleta mpiga picha. Wiki ile ile nikabandikwa getini, mkubwa kama mlango, nimeshika pasi, na maandishi chini: ALIANZA KAZI NA MIAKA KUMI NA TATU, LEO NI FUNDI MKUU. Sikufichi, nilipendeza. Nilikuwa napita pale hata pasipo na haja. Mwanamke mmoja mwenye gari alisimama akauliza kama mimi ni mwanasiasa.

Halafu mchana mmoja nikamkuta Chiriku amesimama chini ya ile picha, begi la shule mgongoni, ameinua uso kama anayesubiri mvua.

"Mjomba," akaniambia, "nimeshaongea na Kola. Sheria ikipita tu, naacha shule naingia zamu kamili. Kama wewe uliweza, mimi nishindwe nina nini?"

Nikacheka. Kisha nikamtazama vizuri, nikaona hatanii.

Sasa tumefika kwenye miguu. Mama yako bado yuko meza ya kukunja, na ile ni kazi ya kusimama. Mishipa imemtoka kama kamba, na ikifika mchana viatu havimwingii tena. Anakunja akiwa amekalia kreti, msimamizi akipita anainuka. Kila jioni Chiriku anamkanda kwa maji ya moto. Ndipo akapanga, yeye peke yake na akili yake ya miaka kumi na sita, kwamba mama akae nyumbani na yeye ashike nafasi yake mezani. Kola amekubali haraka sana. Ataacha kukubali vipi? Meza ile ile, mashuka yale yale, na mtoto wa kulipwa pungufu mahali pa mama yake.

Mama yako alimwambia amalize mtihani kwanza. Mtoto akajibu, "Mama, mtihani haukandi miguu." Redio nikaizima.

Alhamisi wakubwa wakaja kukusanya maoni ya watu, ndani ya bwalo la shule. Kola alikuwa ameniweka mstari wa mbele, nimevaa koti lake mwenyewe, nirudie hadithi mbele ya wageni. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikupata usingizi, na wewe unajua mimi hulala hata kwenye mngurumo wa boila. Ningesema hadithi ni ya dada yangu, wangemsimamisha yeye, na mama yako ni afadhali umtie kwenye mashine ya kufulia kuliko kumpa kipaza sauti. Ningekataa kusema, picha ingesema badala yangu. Nikaona nina ufundi mmoja tu duniani ambao hakuna wa kunishinda. Nikaamua kuitia hadithi chumvi mpaka isilike.

Nikasimama. "Nilipokuwa na miaka kumi na tatu," nikaanza, na Kola akaitikia kwa kichwa, ametabasamu. "Samahani, nimejipunguzia. Nilikuwa na saba."

Minong'ono.

"Na yale mashuka sikuyapandisha kwa ngazi. Ngazi ziliharibika. Nililiinamisha jengo."

Kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma, "Na boila, fundi, ulilitia wapi?"

"Mfukoni. Ndiyo maana mguu huu ni mweusi kuliko mwenzake."

"Na mshahara je?"

"Mshahara? Mwezi ukiisha mimi ndiye niliyekuwa nawalipa wao!"

Bwalo likaanguka kwa kicheko. Watu wazima wanapigana mabega, mwalimu wa hesabu anajifuta machozi kwa tai. Yule mama aliyekuwa akiongoza kikao alivua miwani, akangoja wanyamaze, akauliza, "Mzee, na hii iliyoko kwenye picha pale getini, nayo ni ya namna hii?"

Nikamwambia, "Mama, ni hiyo hiyo. Ila pale ilikuwa bado changa."

Kesho yake picha haikuwepo, imebaki misumari. Kola amelichukua koti lake bila kunisalimu, na sasa kuna kijana amewekwa karibu na boila, ananitazama ninavyofungua vali. Mtaani watoto wananiita Saba. Nikisema mvua inanyesha, mtu anatoa mkono dirishani kwanza. Hayo yote nayameza. Sheria yenyewe haijulikani itaangukia wapi, wakubwa wamesema watatoa uamuzi kabla ya mwezi kwisha. Wale waliozungumza baada yangu wengi waliitetea, na wengine, mpwa wangu, walikuwa na sababu za kueleweka. Yuko baba mmoja alisimama akasema, "Mimi nina watano na mgongo umevunjika, niambieni nani atawalisha," na hakuna aliyecheka.

Lakini kilichonitoa usingizi ni kingine. Nilipokuwa nasimulia, katika bwalo zima, Chiriku peke yake hakucheka.

Tulipofika nyumbani alitenga maji kama kawaida, akapiga magoti, akamwingiza mama yake miguu ndani ya beseni. Kisha akauliza bila kunitazama, "Mama, kwa hiyo hata mashuka yenyewe yalikuwa chuku?"

Mama yako akasema, "Mashuka yalikuwepo. Niliyabeba mimi."

Basi. Mimi nikajisemea moyoni, haya, sasa ataiona ile mishipa, ataelewa ilikotoka, atarudi kwenye vitabu vyake. Mtoto akaendelea kukanda. Halafu akasema, "Ulikuwa mdogo kunizidi, ukabeba. Sasa kwa nini mimi nisikubebe wewe?"

Mama yako akageuza uso ukutani. Chiriku akanigeukia mimi. "Mjomba, wewe hukosi la kusema. Nijibu."

Ngongoti, mimi nimewahi kujibizana na hakimu akaomba maji. Nimewahi kumwongelesha fahali aliyekata kamba mpaka akalala chini. Usiku ule nilitazama beseni, sikuona neno hata moja.

Kwa hiyo nakuomba, mwandikie mdogo wako. Barua zako anazilaza chini ya mto, na amewahi kusema kwamba katika ukoo huu wewe ndiye peke yako usiyetia chumvi. Safari hii usitume kingine chochote. Tuma maneno. Yawe ya kweli, hata yakiwa machache, nami nitakaa pembeni akisoma, siongezi kitu.

Mama yako anakusalimu sana, anasema ule. Kinyozi anakusalimu, anasema kiti chako kipo. Mwalimu wa hesabu anauliza kama bado unaogopa hesabu za sehemu. Chiriku hajui kwamba naandika, lakini ukifumba macho utamsikia anakusalimu. Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe afya, na barabara ya kurudi isiwe ndefu kama ya kwenda.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kuliko ninavyosema,

Fundi wa Boila.

Tena: lile teke la boila yalikuwa mateke mawili. La kwanza niliumia kidole.