Ng'ombe Mwekundu wa Shangazi Ghati

Mdogo wangu Mwita,

Vipi Mwanza, na ubishi wako unaendeleaje? Huku Susuni mvua imenifungia jikoni kwa shangazi Ghati. Nakula ugali wa mtama na maziwa ya mgando mpaka sketi inabana.

Jana nilimsifia ng'ombe wake mwekundu. Akacheka. "Huyo si wangu. Jirani ana ng'ombe wengi, akaniletea huyu nimtunze. Maziwa nakunywa mimi, ndama ni wake."

Nikaona nimsimulie ule ubishi wako kuhusu vita vya makampuni makubwa ya mtandao: ulivyoapa kwamba mshindi ni yule anayegawa huduma bure, na jinsi ulivyohamishia kwake picha zote za wateja wa studio yako. Nilikutetea, haki ya Mungu. Nilisema wewe ni msomi.

Shangazi akaendelea kusonga ugali, kisha akauliza, "Na ndama ni wa nani?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikiwa bado nakohoa, simu yangu ikaleta ujumbe: nafasi yangu ya bure ya kuhifadhi picha imejaa, nikitaka kuendelea nilipie.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Mwenye ng'ombe," nikamjibu.

Ndiyo maana safari hii unapata kadi badala ya picha za simu. Shangazi anakusalimu sana, na mimi nakupenda, msomi wangu. Ila picha za maharusi wa watu anza kuzitoa humo leo.

Dada yako,
Bhoke