Hatua Kumi Nyuma ya Baba Mkwe

Ihanda, Mbozi
16 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Fides,

Za Mtwara, na hilo joto lenu? Mnaendeleaje nyote? Huku baridi ya mwezi wa sita imeshika kweli kweli, asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Sisi hatujambo. Kaka yako Ezron anashinda kwenye kahawa, Mama mzima. Baba naye anaendelea vizuri, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningelia ukashtuka bure.

Unajua baada ya kile kiharusi daktari alimwambia atembee kila asubuhi, la sivyo mguu wa kushoto utakakamaa moja kwa moja. Barabarani bodaboda hawana huruma, basi akaanza kwenda chuoni, kwenye ile njia ya mazoezi waliyoizungusha kati ya misonobari. Wanachuo wanakimbia, wazee wanatembea, hakuna anayemfukuza mtu.

Shida ni kwamba mimi nina sukari, nami nimeambiwa nitembee. Na njia ni hiyo hiyo moja!

Mila ya kwenu unaijua, wifi. Miaka kumi na tisa nimeolewa, sijawahi kumtazama baba yako usoni wala kusema naye neno. Nikimwona kwa mbali naingia kwenye migomba. Sasa njia ya mduara utajificha wapi? Ukizunguka kinyume chake mnakutana uso kwa uso. Nikajifanya mjanja, nikawa namfuata nyuma. Lakini Baba anakwenda polepole, kwa hiyo nikimkaribia nakaa kwenye jiwe nimsubiri atangulie. Wanachuo wakipita wananipa moyo: "Mama, kaza, umebakiza kidogo!" Nacheka peke yangu.

Jumanne kulikuwa na ukungu. Nimekaa kwenye jiwe langu, nikasikia fimbo imeanguka, halafu kimya. Nikasogea. Baba yuko mtaroni, anahangaika kuinuka, hawezi. Nikaita watu, wapi! Nilisimama hatua kumi kutoka alipo, khanga usoni. Nikasema, Mungu wangu, nishike mila au nimshike mtu?

Nikashuka mtaroni. Alipoona ni mimi, akafumba macho. Aliyafumba kabisa, wifi, ili lawama isiwe yangu. Nikampitishia mikono kwapani, nikamwinua. Neno langu la kwanza kwake maishani likawa, "Inua mguu, Baba." Tukaenda hivyo hadi getini, yeye kafumba macho, mimi namwambia hapa jiwe, hapa tope.

Hakuumia, ila siku tatu hakutoka nyumbani. Nami sikutoka. Mama akaniambia mguu umeanza kukaza tena. Niliumia sana, nikajua mzee anaacha kutembea kwa sababu yangu.

Jumamosi jioni Mama akaja na kuku mweupe kamshika miguu. Akasema, "Katoka kwa mzee. Mwiko ameuondoa. Anauliza Jumatatu mnakwenda saa ngapi."

Jamani, nililia mpaka kuku akaniponyoka.

Basi msalimie sana shemeji Barnaba, na umbusu Gloria kwa niaba yangu. Mama anasema mje Disemba bila kukosa. Mkija, mleteeni Baba raba namba tisa, hizi alizonazo zinateleza, ndizo zilizomwangusha. Mungu awe nanyi huko, awalinde mwendapo na mrudipo.

Leo asubuhi nilimkuta getini, kaegemea fimbo. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaitikia, halafu akasema, "Usikae nyuma, mwanangu. Njia ni pana." Ndipo nikainua uso. Kumbe macho yako, wifi, umeyatoa kwake.

Wifi yako akupendaye siku zote,
Atupele, mama Jenista