Cherehani ya Laki Tisa

Baba Ursula,

Ugali umo kwenye hotpoti, mlenda uko jikoni. Anua mtama kabla kuku hawajaumaliza.

Asubuhi nilikwenda kuchukua cherehani yangu ya kudarizi iliyotoka China. Nimeinunua laki mbili, risiti ninayo. Karani wa mizigo akaniambia mume wangu alipopigiwa simu jana kuulizwa bei alitaja laki tisa, na ushuru na VAT vimepigwa kwa bei hiyo.

Nikakumbuka jana ulikuwa kinyozini Majengo, simu umeiweka spika. Mbele ya watu, bwana mkubwa atamilikije kitu cha laki mbili? Na hiyo cherehani hujui hata uzi unapita wapi.

~~Nimekwenda kwa mama Kongwa.~~ Siendi Kongwa, nisije nikakupa raha. Nimerudi kwa karani kuomba wakadirie upya. Asubuhi walisema wanataka barua yako, ukiri kwamba laki tisa ilikuwa misifa tu. Nimeshakuandikia, ipo chini ya kopo la chumvi. Isaini, uniletee huku kwa karani kabla ya saa tisa.

Inatakiwa na sahihi ya shahidi. Mtafute palepale kinyozini, na umsomee kwa sauti ileile ya jana.

Mama Ursula