Kitambaa Alichokivuta Tata Anaclet

Jumatano. Jua kali, vumbi la malori ya shaba limeingia mpaka kwenye sahani, nami nimechoka kueleza watu kitu kilekile.

Jumamosi tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilifunga kitambaa cha bluu kichwani, wenzangu wote walifunga cheupe. Tata Anaclet, kiongozi wetu, alikuja nyuma yangu, akakishika, akakivuta. Kwaya nzima ikaona kichwa changu.

Tangu niugue mwaka jana, nywele zangu zimebaki mabaka mabaka. Hata mume wangu simwonyeshi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumatatu nilienda komisaria. Polisi alinitazama juu mpaka chini. "Kidonda iko wapi, mama?" Hakuna. "Damu ilitoka?" Haikutoka. "Sasa alikupiga wapi?" Nikarudi nyumbani nikitamani kuvunja kitu.

Na si yeye peke yake. Majirani, mama mkwe, wote: uliumia? Yaani mpaka nitokwe na damu ndipo kichwa kiwe changu!

Binamu yangu Solange ni avoka, wakili wa kutetea watu mahakamani. Yeye hakutafuta kidonda. Alinieleza kwamba sokoni watu wanagusana na kusukumana, hayo ni maisha. Lakini mtu akikushika makusudi, kwa namna ya kukudhalilisha, bila ruhusa yako, amekosa hata kama hukuumia. Na nguo uliyovaa ni kama mwili wako.

"Lakini hakujua habari ya nywele," nikasema.

"Alijua anavuta," akajibu. "Ile inatosha. Na aibu yako nayo ni hasara. Tunaweza kuiombea malipo kwenye tribinali."

Leo mchana, kabla hatujafika huko, pasta alituita mbele ya kwaya. Tata Anaclet akasimama, akakohoa. "Kama mama alisikia mubaya, anisamehe."

Kama!

Nilisimama. "Tata, hakuna kama. Ulivuta ao haukuvuta?"

Alitazama viatu vyake. Akasema, "Nilivuta. Nilifanya makusudi. Nilikosa, mama."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha. Wamama wakapiga vigelegele, na yeye huyo ananijia, mikono wazi, tayari kunikumbatia! Nikarudi nyuma mpaka nikagonga benchi.

"Tata, uniulize kwanza!"

Vigelegele vikakatika. Alibaki na mikono hewani. "Naweza kukukumbatia, mama?"

"Hapana."

Akaishusha, akarudi kukaa.

Wamama wamenuna, eti nina moyo mugumu. Wanune. Solange nimemwambia aiache kesi, na Jumapili nitaimba sauti yangu ya pili kama kawaida. Mtu ameuliza, nimekataa, amesikia.

Ilikuwa vigumu hivyo kweli?